Daraja la "A" Pekee Halitoshi: Tuzipime Vipi Kampuni za Bima?



Katika matawi mengi, kuanzia viwanda vya Jinja hadi mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, swali la bima limekuwa swali la kila siku. Kamati ya tawi inataka kuwakatia wanachama bima ya pamoja ya maisha na mazishi. Mawakala watatu wanakuja. Wa kwanza anasema ada yake ni ndogo kuliko zote. Wa pili anasema kampuni yake ni ya zamani. Wa tatu anatoa karatasi yenye muhuri, anaweka kidole juu ya herufi moja kubwa na kusema: "Sisi hatujisifu wenyewe. Shirika la nje, lisilo na upande, limetupima na kutupa daraja la A." Hapo wajumbe wengi hunyamaza. Nani atabishana na daraja la A?

Sisi tunataka kubishana nalo kidogo, lakini kwa haki. Hatusemi kwamba madaraja hayo ni uongo. Tunasema kwamba yana kazi yake na yana mpaka wake, na mfanyakazi asiyeujua mpaka huo anaweza kukatwa mshahara kwa miaka ishirini, kisha mjane wake akabaki na karatasi mkononi.

DARAJA NI KITU GANI?

Anayenunua sukari huiona mizani. Anayenunua kitambaa hukishika na kukivuta. Lakini anayenunua bima hulipa leo kwa ajili ya kitu asichokiona mpaka siku ya msiba. Bima ni ahadi, na ahadi haishikiki.

Kwa sababu hiyo yalitokea mashirika ambayo kazi yake ni kuzichunguza kampuni za bima. Hutazama hesabu zake: kampuni ina mali kiasi gani baada ya kuondoa madeni? Fedha za wateja imeziweka wapi? Imepata faida au hasara miaka iliyopita? Kuna kampuni kubwa zaidi iliyokubali kubeba sehemu ya hasara zake? Viongozi wake wana ujuzi gani? Baada ya uchunguzi huo, shirika hutoa maoni yake kwa herufi.

Tunalirudia neno hilo: maoni. Mashirika yenyewe huandika wazi kwamba daraja ni maoni yao, si dhamana. Kampuni yenye daraja la A ikifilisika, shirika lililotoa daraja hilo halitakulipa hata senti moja.

MWANZO WAKE NI MOTO WA SAN FRANCISCO

Kazi hii ilikulia Marekani. Shirika linalojulikana zaidi katika kupima kampuni za bima, A.M. Best, lilianzishwa na Alfred M. Best mjini New York mwaka 1899. Tarehe 18 Aprili 1906 mji wa San Francisco ulipigwa na tetemeko la ardhi, na baada yake moto ukawaka kwa siku kadhaa. Majengo zaidi ya 28,000 yaliteketea. Wenye nyumba wakazigeukia kampuni zao za bima.

Hapo ndipo kila kampuni ilipojulikana tabia yake. Ziko zilizolipa kila kitu. Ziko zilizowataka wateja wapokee pungufu. Ziko zilizosema kwamba nyumba iliangushwa na tetemeko kabla haijaungua, na kwamba hati yao ilikuwa ya moto, si ya tetemeko. Baadhi ya kampuni za Ulaya zilikataa kabisa kulipa. Kampuni moja ya mji huo huo, Fireman's Fund, ilielemewa na madai mpaka ikabidi ijipange upya na kuwalipa wateja nusu kwa fedha taslimu na nusu kwa hisa zake.

Mwaka 1907 Best alitoa taarifa maalumu juu ya kampuni 243 zilizohusika na moto ule, akaeleza moja baada ya nyingine jinsi ilivyowatendea wateja wake. Taarifa ile ilipima vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza ni mfuko, yaani kampuni inazo fedha? Cha pili ni mkono, yaani kampuni ikiwa nazo, inazitoa?

Tofauti hiyo ya mfuko na mkono ndiyo tunayoomba kila msomaji aishike. Kwa maana kadiri miaka ilivyopita, madaraja ya herufi yakawa hasa kipimo cha mfuko. Unapoonyeshwa daraja la A leo, unaambiwa kwamba kwa maoni ya mpimaji kampuni hiyo ina uwezo wa kulipa. Huambiwi kama italipa upesi, au kama itakuzungusha miezi minane ukitafuta barua ya chifu, cheti cha daktari na nakala ya kitambulisho iliyopotea ofisini kwao.

YALIYOWAPATA WENZETU WA KANNAPOLIS

Lakini hata mfuko wenyewe, je, madaraja huupima sawasawa? Tutoe mfano wa wafanyakazi wenzetu.

Katika mji wa Kannapolis, jimbo la North Carolina nchini Marekani, palikuwa na viwanda vikubwa vya nguo vya Cannon Mills. Mwaka 1982 vilinunuliwa na tajiri mmoja. Katikati ya miaka ya 1980 tajiri huyo aliufunga mfuko wa pensheni wa wafanyakazi. Sehemu ya fedha za mfuko ilitumika kununua bima ya malipo ya uzeeni kutoka kampuni ya Executive Life ya California, na fedha zilizozidi zikabaki kwa mwenye kampuni. Wafanyakazi waliambiwa pensheni zao ziko salama, ila sasa mlipaji ni kampuni ya bima.

Msomaji ataona mara moja hatari iliyomo. Kadiri bima iliyonunuliwa inavyokuwa rahisi, ndivyo fedha nyingi zinavyombakia mwajiri. Anayechagua kampuni ni mwingine, na atakayeumia ikianguka ni mwingine.

Executive Life iliweza kuuza bima kwa bei nafuu kwa sababu ilikuwa imeweka sehemu kubwa ya fedha zake katika hati za madeni za kampuni dhaifu, zenye riba kubwa na hatari kubwa. Hata hivyo, hadi mwaka 1989 A.M. Best ililiweka jina lake katika daraja la A+, ambalo wakati ule lilikuwa la juu kabisa. Ni mwanzoni mwa mwaka 1990, baada ya bei ya hati hizo kuanza kuporomoka mbele ya macho ya watu wote, ndipo daraja lilipoanza kushushwa. Mwezi Aprili 1991 serikali ya California iliitwaa kampuni hiyo. Wastaafu waliokuwa wakilipwa nayo wakapewa asilimia 70 tu ya malipo yao ya kila mwezi. Wazee waliosimama mbele ya mashine za kufuma tangu ujana wao walipoteza shilingi thelathini katika kila mia.

Mwaka 1993 mikataba ya Executive Life ilihamishiwa kampuni mpya. Wateja wengi walirudishiwa sehemu kubwa ya haki zao, lakini wako waliopata hasara isiyorudi. Na tukumbuke kwamba wakati pensheni ile ilipobadilishwa, wafanyakazi wa Kannapolis hawakuwa na chama cha kuuliza maswali kwa niaba yao. Walishinda kura ya kuwa na chama mwaka 1999, miaka mingi baada ya mambo hayo.

Serikali ya Marekani ilijifunza. Mwaka 1995 Wizara ya Kazi ilitoa mwongozo kwa wote wanaochagua kampuni ya bima kwa ajili ya pensheni za wafanyakazi. Ilisema wajitahidi kutafuta iliyo salama kuliko zote, na kwamba kutegemea madaraja ya wapimaji peke yake hakutoshi. Lazima watazame wenyewe fedha zimewekwa wapi, mali ya kampuni ni kiasi gani, na biashara yake ni ya namna gani. Ikiwa nchi yenye wapimaji wengi kuliko zote ilisema hivyo, sisi tuna sababu gani ya kunyamazishwa na herufi moja?

KWA NINI MPIMAJI HUKOSEA?

Sababu ya kwanza ni malipo. Mara nyingi anayemlipa mpimaji ni kampuni ile ile inayopimwa. Hatudai kwamba kila daraja limenunuliwa. Mpimaji mwenye jina la uongo hupoteza biashara. Lakini fikirini refa anayepewa nauli na posho na timu moja kati ya mbili zinazocheza. Huenda akawa mwaminifu, ila atasita kidogo kabla ya kupuliza filimbi.

Mwaka 1994 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ililinganisha wapimaji watano wa kampuni za bima ya maisha na afya. Iliona kwamba katika kampuni zilizokuja kuanguka, shirika la Weiss, ambalo halikuwa likilipwa na kampuni zinazopimwa, mara nyingi lilitoa onyo mapema kuliko Best. Iliona pia kwamba wapimaji hawatumii ngazi moja: kampuni ile ile huweza kusifiwa na mmoja na kutiliwa shaka na mwingine.

Sababu ya pili ni wakati. Daraja hutazama hesabu zilizokwisha kufungwa, na matatizo huja mbio. Katika mwezi Septemba 2008 kampuni kubwa ya Marekani, AIG, ilikuwa bado na madaraja ya kundi la AA. Tarehe 15 wapimaji wakubwa watatu waliyashusha kwa siku moja. Tarehe 16 serikali ikalazimika kuiokoa kwa mkopo wa dola bilioni 85. Chanzo cha balaa kilikuwa tawi lake lililofanya biashara ya kudhamini madeni ya wengine, si bima za kawaida za wananchi. Lakini aliyelala na daraja la AA aliamka na kampuni iliyo mahututi.

Sababu ya tatu ni lugha ya herufi zenyewe. A+ ya Best ilikuwa ya juu kabisa mpaka mwaka 1992, ilipoongezwa A++ juu yake. Herufi zile zile, maana nyingine! Tena huku kwetu madaraja mengi huwa na herufi za nchi mbele yake. Maana yake ni kwamba kampuni imelinganishwa na wenzake wa nchi hiyo tu, si wa dunia nzima. Kuwa wa kwanza katika darasa la kijijini si sawa na kufaulu mtihani wa taifa. Wakala hutaja A; zile herufi za nchi huzipita kimya.

JIRANI ZETU WA KENYA

Msidhani kuanguka kwa kampuni za bima ni mambo ya ng'ambo. Nchini Kenya, United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi wa kisheria mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011, na Resolution mwaka 2022. United ilikuwa na bima za matatu nyingi sana. Kampuni inapofikia hapo, madai husimama na majeruhi husubiri. Kenya ina mfuko wa kuwafidia wenye bima za kampuni zilizoanguka, lakini mfuko huo hulipa mpaka kikomo fulani, na mwenye dai kubwa hawezi kupata lote.

Jambo hili linamgusa mfanyakazi kwa karibu. Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2007, mwajiri anatakiwa kukata bima ya ajali kazini, na mfanyakazi aliyepata ulemavu wa kudumu usiomwezesha tena kufanya kazi anastahili fidia ya mshahara wa miezi 96. Kwetu Uganda, Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya mwaka 2000 inataja miezi 60, na mwajiri anatakiwa vile vile kukata bima. Tanzania ilichukua njia nyingine: tangu mwaka 2015 waajiri huchangia mfuko mmoja wa umma wa fidia. Basi Kenya na Uganda mkono uliokatwa na mashine hutegemea kampuni ya bima iliyochaguliwa na mwajiri, na mwajiri anaweza kuchagua iliyo rahisi kuliko zote kama wengine walivyofanya.

Hapa pana jambo ambalo kila mwanachama alijue kwa moyo. Deni la fidia ni la mwajiri. Kampuni ya bima humsaidia mwajiri kulibeba, lakini haiwi kisingizio cha kulitupa. Mwajiri akisema, "Kampuni yetu imefungwa, nenda kwa msimamizi wake ukasubiri," msikubali. Mpelekeeni afisa wa kazi wa wilaya shauri hilo.

Kenya wana jambo jingine jema la kuigwa. Mamlaka ya Bima ya huko hutangaza takwimu za madai kwa kila kampuni: madai yaliyolipwa na madai yaliyokataliwa. Hicho sasa ni kipimo cha mkono, na mtu yeyote anaweza kukisoma.

KAMATI YA TAWI IFANYE NINI?

Tunashauri njia hii, ambayo haihitaji shahada ya uchumi.

1. Kwanza ulizeni leseni. Mamlaka ya Kusimamia Bima ya Uganda hutoa orodha ya kampuni zilizoruhusiwa kufanya kazi. Jina lisilokuwamo, mazungumzo yaishie hapo, hata kama lina daraja la dhahabu.

2. Daraja mlitumie kuondoa, msilitumie kuchagua. Kampuni yenye daraja baya, au ambayo daraja lake limeshushwa karibuni, iondoeni. Zilizobaki msizipange kwa herufi. Tofauti ya A na A+ haitakuwa na maana kwenu siku ya msiba.

3. Ombeni taarifa nzima ya mpimaji, si ukurasa wenye muhuri tu. Someni mambo manne: tarehe, jina la mpimaji, nani aliyemlipa, na kama kipimo ni cha nchi au cha kimataifa. Mkiweza, tafuteni mpimaji wa pili. Wapimaji wakitofautiana, mwaminini anayeonya.

4. Ulizeni kwa nini ada ni ndogo. Huenda kuna sababu nzuri, kwa mfano makato yanakusanywa na karani wa mishahara na gharama za wakala zinapungua. Lakini bei ndogo isiyo na maelezo ni deni la kesho, na wa Kannapolis ndio mashahidi.

5. Pimeni mkono wenyewe. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Waendeeni wafanyakazi wa kiwanda jirani ambao wamekuwa na kampuni hiyo kwa miaka mitatu au zaidi. Msiwaulize kama wanaipenda. Waulizeni: mlikuwa na vifo vingapi na ajali ngapi? Madai mangapi yalilipwa? Yalichukua siku ngapi? Yaliyokataliwa yalikataliwa kwa neno gani? Andikeni majibu katika daftari la tawi.

6. Someni maneno ya kukataa. Katika kila hati kuna sehemu inayotaja yasiyolipwa. Wakazi wa San Francisco walijifunza tofauti ya moto na tetemeko wakiwa wamesimama juu ya majivu. Ninyi jifunzeni kabla ya kutia sahihi, na pale ambapo Kiingereza kinawashinda, katibu atafute mtu wa kuyafasiri mbele ya mkutano wote.

7. Rudieni kila mwaka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kampuni iliyokuwa nzuri mwaka ulipoanza inaweza kubadilika baada ya mavuno mawili. Mkiona madai yameanza kuchelewa, msingoje daraja lishuke. Kuchelewa ndiyo dalili ya kwanza, na ninyi mtaiona kabla ya mpimaji aliyeko Johannesburg au London.

DAFTARI LA TAWI

Wako watakaosema: kazi yote hii ya nini, na wataalamu wapo? Tunawajibu kwamba mtaalamu anajua hesabu za kampuni kuliko sisi, na tunapokea ujuzi wake kwa heshima. Lakini yeye hajui kwamba mjane wa mwenzetu wa idara ya kusokota alirudishwa mara tano kwa sababu jina la marehemu lilikosewa herufi moja. Ninyi mnajua. Tawi moja likiandika mambo hayo, ni malalamiko. Matawi kumi yakiyaandika kwa utaratibu mmoja, yenye tarehe na siku za kusubiri, ni kipimo ambacho hakuna kampuni iliyokilipia.

Kwa hiyo tunaomba kila katibu wa tawi lenye bima ya pamoja afungue ukurasa katika daftari lake: tarehe ya dai, aina ya dai, siku ya malipo, kiasi kilichoombwa, kiasi kilicholipwa, na sababu ya kukataliwa kama kimekataliwa. Majina ya wanachama yabaki siri ya tawi. Nakala iletwe makao makuu kila baada ya miezi sita, na tawi linalotafuta kampuni lije kuuliza kabla halijatia sahihi. Mwenye dai lililokwama naye asikae kimya: Mamlaka ya Bima ina ofisi ya kupokea malalamiko, na barua yenye mhuri wa chama husomwa upesi kuliko ya mtu mmoja.

Wakala akija tena na karatasi yake yenye herufi kubwa, mkaribisheni, mpeni kiti, isomeni kwa makini. Kisha mfungulieni daftari lenu, mmwulize anasemaje juu ya ukurasa wa kampuni yake.